Alovera Juu ya Kaburi la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda chake kilikuwa Kaptembwo, huko mjini, na kwa miaka mingi aliondoka kwetu Subukia Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa saa kumi jioni. Mikono yake haikuwahi kumaliza wiki bila kuungua. Cheche ziliingia ndani ya glavu, zikatua shingoni, zikatoboa soksi. Kwa sababu hiyo alikuwa na alovera yake ndani ya mkebe wa rangi, juu ya dirisha la sebuleni. Mimi si mtu wa maua. Huo ndio ulikuwa mmea pekee ndani ya nyumba yetu, na haukuwekwa pale kwa urembo.

Nitaeleza jinsi alivyoutumia, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Alikata jani moja la chini kwa kisu cha jikoni. Hakulipaka papo hapo. Alilisimamisha ndani ya kikombe cha bati, upande uliokatwa ukiwa chini, akaenda kuvua viatu, akaosha miguu, akanywa chai. Aliporudi, ndani ya kikombe palikuwa na maji ya manjano, kidogo tu, mazito, yenye harufu kama ya kwapa. Aliyamwaga chooni, akasuuza kikombe, ndipo akamenya lile jani na kupaka ule utelezi mweupe juu ya majeraha ya wiki nzima. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka na sikuwahi kumwuliza kwa nini anasubiri. Nilidhani anaogopa kuchafua shati, maana yale maji yakishika nguo hayatoki.

Akimaliza kupaka alikaa kwenye ngazi ya mlango, na mbwa akaja kumlamba mikono.

Huyo mbwa alimwokota Kaptembwo akiwa mdogo, chini ya mabati ya kibanda, akamleta nyumbani ndani ya mfuko wa vifaa. Alikuwa na rangi ya udongo na sikio moja lililochanika. Hakupewa jina. Mume wangu alimwita kwa mluzi, ambao aliupitisha kwenye pengo la meno ya mbele, na mbwa alitoka popote alipokuwa. Mimi siwezi kupiga mluzi. Nilimwekea chakula, akala, akaenda zake. Hatukuchukiana, lakini siwezi kusema tulipendana. Miaka kumi alilala chini ya lile dirisha, alovera ikiwa juu ya kichwa chake, na hakuigusa hata siku moja. Mkebe ulikuwa juu na yeye alikuwa chini.

Siku za Ijumaa alikwenda getini kabla ya saa kumi. Sijui alijuaje kuwa ni Ijumaa. Alikaa hapo, mgongo umegeukia nyumba, mpaka mwenyewe afike.

Mwaka jana kifua cha mume wangu kilishindwa. Alikohoa msimu wote wa mvua akisema ni moshi wa kazi, na mimi nikakubali kuwa ni moshi wa kazi kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Alipolazwa hospitali mjini alikaa siku tisa. Alikufa asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kununua uji. Nilirudi na uji nikakuta wamevuta pazia.

Sikulia. Sikulia hospitalini, sikulia wakati wa kuleta mwili, sikulia tulipomzika chini ya mistari ya kahawa. Mama mkwe wangu alilia hadi sauti ikakauka. Nilimsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba mke mwenyewe amesimama kama mtu anayengoja gari. Sikugeuka. Hakuwa amesema uongo. Nilikuwa mkavu kabisa, na nilikuwa nikiangalia kama vijana wanaoshusha jeneza wameshika kamba sawasawa.

Kwetu kaburi halijengewi saruji mara moja. Udongo huachwa kwanza ukae, kwa miezi mingi, la sivyo saruji itapasuka. Kwa hiyo lilibaki tuta. Mama mkwe, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka yangu, alilalamika kila asubuhi kuwa mbuzi wanapita juu ya mtoto wake, na kwamba mtu akiangalia kutoka barabarani atadhani tumepanda viazi vitamu. Alitaka kitu kipandwe. Nikamwambia nitapanda alovera, kwa sababu haihitaji kumwagiliwa na mbuzi hawaipendi.

Alinishika mkono. Alisema sasa anaona kwamba nilimpenda mtoto wake, kwa kuwa nimekubali kutoa kitu chake alichokitunza mwenyewe, ili kilale naye.

Nilimwacha aamini hivyo, lakini ukweli ni mwingine. Sikuweza kuvumilia kuiona ile alovera. Kila nilipofungua pazia ilikuwa pale, majani yamenenepa, na jani la chini likiwa na alama mahali alipokata mara ya mwisho. Niliitoa dirishani ili isinitazame. Kwenye mkebe ilikuwa imezaa watoto saba, wamebanana. Niliwatenganisha, nikawapanda kwa mstari kutoka kichwani hadi miguuni, na mama yao nikamweka kichwani. Nilipomaliza niliosha mkebe nikaugeuza juu chini nyuma ya jiko.

Baada ya hapo mbwa alianza kushinda kaburini.

Mwanzoni hatukulitilia maanani. Kisha akawa haji kula. Nikimwita kwa kugonga sahani alinyanyua kichwa tu, akakilaza tena kati ya alovera mbili. Alitapika mara moja kando ya kahawa, halafu akatapika kila siku. Mbavu zikaanza kuonekana. Mama mkwe alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni kwake, ameshika leso, na siku moja aliniita nikaangalie naye.

"Unaona?" akaniambia. "Huyu anamfuata mwenyewe."

Neno hilo lilizunguka haraka. Majirani walikuja kumwona, wakasimama mbali kidogo kwa adabu, kama watu waliokuja kutazama mgonjwa. Binti yetu, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la maua na kuishi Kamere, alipokuja wikendi alimpiga picha, akaiweka kwenye status ya simu yake. Aliniambia watu wengi wamemwandikia kuwa wamelia. Jumapili moja pasta alisema kanisani kuwa katika boma moja la bonde hili kuna mnyama anayetufundisha upendo hata kufa. Hakutaja nani, lakini vichwa viligeuka kunitazama. Nilijua wanatulinganisha, mimi na mbwa, na nilijua nani ameshinda.

Nilimwonea wivu. Sioni faida ya kuficha. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maziwa asubuhi na kumwona amelala pale, na moyoni nilisema, wewe umeweza. Nilifikiri yeye ndiye mjane na mimi ni mtu wa kukamua ng'ombe.

Lakini Ijumaa aliinuka. Hata alipokuwa amedhoofika namna hiyo, ikifika karibu saa kumi alitoka kaburini, akatembea polepole, miguu ya nyuma ikiyumba, akaenda kukaa getini. Alimngoja mtu yule yule ambaye watu walisema amelalia kaburi lake. Nilisimama jikoni nikimwangalia mgongo wake. Nikajua kwamba akifa, hakutakuwa na mtu mwingine duniani anayengoja Ijumaa isipokuwa mimi, na mimi sina hakika nitajua namna ya kuingoja. Siku hiyo ndiyo niliamua kwamba hatakufa.

Nilimwuliza mama mkwe tufanye nini. Alisema hakuna dawa ya huzuni, lakini tunaweza kujaribu kumsafisha tumbo. "Mpe ile ya kuku," akasema.

Kila mtu kwetu anaijua ile ya kuku. Kuku wakianza kusinzia na kuangusha mbawa, unakata majani ya alovera vipande vipande, unayatia ndani ya maji yao ya kunywa, na maji yanakuwa machungu. Wengine wanapona na wengine wanakufa, na wale wanaopona tunasema ni alovera. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mtoto akikataa kuacha kunyonya, ni hiyo hiyo unapaka kwenye titi. Watu wanainywa kwa ajili ya tumbo, wanaipaka usoni, wanaiuza ndani ya chupa sokoni. Haikuwahi kupita akilini mwangu kuwa kitu kama hicho kinaweza kumdhuru kiumbe.

Nilikwenda kaburini nikakata majani matatu makubwa. Niliyatwanga na ngozi yake yote na maji yake yote ya manjano, sikungoja hata dakika moja, nikakamua ndani ya chupa ya soda. Mbwa hakunizuia. Nilimkalisha kati ya magoti yangu, nikamfungua mdomo, nikamimina. Alinitazama wakati nikimimina. Alimeza kwa sababu nilimshika koo. Nilifanya hivyo asubuhi tatu mfululizo, na kila asubuhi nilimwambia pole.

Siku ya tatu alikuwa akiharisha maji matupu. Mkojo wake ulikuwa mwekundu kama chai isiyo na maziwa. Miguu ilitetemeka hata akiwa amelala. Mama mkwe alileta shuka kuukuu amfunike, akasema labda ni leo.

Siku hiyo hiyo ndiyo alikuja daktari wa mifugo. Hakuitwa kwa ajili ya mbwa, kwetu hakuna anayemwita daktari kwa ajili ya mbwa. Alikuja kumpandisha ng'ombe. Ni kijana mwembamba mwenye pikipiki na gumbuti ndefu, na anapenda mzaha. Alipomaliza kazi yake alinawa mikono bombani, akamwona yule mbwa chini ya shuka.

"Mathe, ng'ombe yako iko sawa," akasema. "Lakini huyu mzee mmemfunika hivi, amekata roho ama anangoja maombi?"

Mama mkwe hakupenda. Alimwambia asicheke, huyo mbwa anakufa kwa kumlilia mtoto wake, na hata kanisani jambo hilo linajulikana.

"Shosho, si ubaya," akasema kijana. Alichuchumaa, akafunua shuka, akavuta ngozi ya shingo ya mbwa kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Alimfungua mdomo akaangalia ufizi. Kisha akachukua kijiti akachokoa matapishi yaliyokuwa kando. Alitoa kitu cha kijani, kirefu kama kidole, chenye miiba midogo pembeni.

"Hii ni nini?"

Nilijua ni nini kabla hajauliza.

Tulikwenda kaburini sote watatu. Nilikuwa nimepita pale kila siku, na nilikuwa nimekata majani pale siku tatu, lakini nilikuwa nimeangalia kama mtu anayeangalia kaburi, si kama anayeangalia shamba. Alipoonyesha kwa kijiti niliona. Alovera tatu za upande wa miguu zilikuwa zimetafunwa hadi kwenye shina. Alama za meno zilikuwa wazi, na ule utomvu wa manjano ulikuwa umekauka ukawa kahawia. Katikati yao palikuwa na shimo jipya, na kando ya shimo kilima kidogo cha udongo laini.

"Fuko," akasema daktari. "Udongo umelegea hapa, fuko ameingia. Mbwa amekuja kumchimba, na hizi ziko njiani. Anang'oa kwa meno, anameza. Kesho anarudi. Hiyo si huzuni, mathe. Hiyo ni sumu, kidogo kidogo kila siku."

Mama mkwe alisema alovera ni dawa. Alisema yeye mwenyewe ameinywa tangu akiwa msichana, na mtu aliyesoma hawezi kusema maneno kama hayo.

Kijana alimjibu taratibu, na hapo hakuwa na mzaha. Alisema dawa ya mtu si lazima iwe dawa ya mbwa. Alisema ule utelezi mweupe wa ndani hauna shida kubwa, shida iko kati ya utelezi na ngozi, yale maji ya manjano. Hayo yanachoma matumbo ya mbwa, yanamtapisha na kumharisha mpaka mwili unaisha maji, na mkojo unabadilika rangi. Mara nyingi mbwa akila mara moja anaugua siku mbili na kupona. Lakini huyu amezeeka, na amekula kwa wiki kadhaa.

Yale maji ya manjano. Nilikiona kile kikombe cha bati. Nilimwona mume wangu akivua viatu, akiosha miguu, akinywa chai bila haraka, akimwaga, akisuuza. Kisha nikamwona akikaa kwenye ngazi na kumpa mbwa mikono. Sijui kama aliambiwa na mtu au aligundua mwenyewe. Hakusema, na mimi sikuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

"Mmempa dawa yoyote?" daktari akauliza.

Mama mkwe alinitazama. Kulikuwa na nafasi ya kusema hapana. Kijana angedunga sindano yake akaenda, na hakuna ambaye angejua.

"Nimempa hiyo hiyo," nikasema. "Nimetwanga na ngozi yake. Asubuhi tatu. Nilimshika koo."

Yule kijana, ambaye anacheka kwa kila kitu, hakucheka. Alisema tu, "Sawa, mathe," akaenda kufungua sanduku la pikipiki.

Alimwekea kwa sindano maji ya chumvi chini ya ngozi ya mabega, mengi, mpaka nundu ikatokea kama ya ng'ombe. Alinielekeza nimpe maji safi kwa kijiko, kidogo kila mara, na nisimpe chakula mpaka aache kutapika. Alisema akifika kesho kutwa ataishi, na akifa usiku huu nisijilaumu sana, ambalo ni neno wanalosema watu wenye adabu. Mwisho akaonyesha tuta. "Na hizi zing'oeni zote. Leo. Zikibaki hapa atarudi."

Pikipiki ilipoondoka nilikwenda kuchukua jembe dogo. Niliporudi mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kaburi.

"Usiguse," akasema.

Nilimwambia daktari amesema.

"Yule mtoto wa juzi anajua nini? Huyu mbwa anamlilia mtoto wangu. Kila mtu ameona. Wewe hukulia."

Aliyasema bila kupaza sauti. Nadhani alikuwa ameyabeba tangu siku ya mazishi, na nadhani yalimwuma kuyasema kama yalivyoniuma kuyasikia. Na nilielewa anachotaka nimwachie. Mtoto wake alikuwa amekufa katika wodi ya watu wengi, bila mtu kando ya kitanda, kwa kikohozi ambacho sisi sote tulikiita moshi. Mbwa anayekufa juu ya kaburi lake ndicho kitu kizuri pekee katika habari yote hiyo.

"Mama, halii," nikamwambia. "Ana sumu tumboni, na nimeiweka mimi. Nimeipanda na nikamnywesha. Hata hii alovera sikuitoa kwa upendo. Niliitoa kwa sababu sikuweza kuiona dirishani."

Alikaa chini pale pale, juu ya udongo, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, na leso mkononi. Nikaanza kung'oa upande wa miguu. Alovera haina mizizi ya maana, inatoka kwa urahisi, na nilikuwa ninasikia aibu kwa urahisi huo. Niling'oa moja baada ya nyingine nikizunguka mahali alipokaa. Ya mwisho, ile kubwa, ilikuwa karibu na goti lake. Nilisimama hapo na jembe. Baada ya muda alisogeza goti.

Zile ndogo nilizitupa ndani ya shimo la choo. Mimea hiyo ukiiacha juani miezi inaweza kuota tena, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Ile kubwa ilinishinda kutupa. Nilitafuta mkebe wa rangi nyuma ya jiko, nikairudisha ndani yake.

Mbwa hakufa usiku ule wala kesho yake. Nilimweka jikoni kwenye gunia, nikakaa naye na kijiko. Siku mbili zile sikufanya kazi nyingine ila kukamua. Alipotapika nilipanguza. Siku ya tatu alikunywa mwenyewe kwenye bakuli, na siku ya nne alikula uji. Hakunitazama kwa shukrani, kama wanavyosema watu kuhusu mbwa. Nikikaribia na kitu chochote mfano wa chupa alijikunyata.

Binti yetu alipopiga simu kuuliza, nilimwambia yote. Nilisikia kelele za wenzake wakitoka kazini. Kisha akasema, "Lakini mum, ile picha..." na hakumaliza. Nilimwambia picha ni ya kweli, mbwa alikuwa amelala pale kweli, isipokuwa tumbo lilikuwa linamwuma. Nilikwenda pia kwa pasta. Alinisikiliza vizuri, akasema kuwa fundisho linabaki lile lile. Nikasema ndiyo, lakini mbwa alikuwa anatafuta fuko. Hakuzungumzia jambo hilo tena kanisani, na wala hakulisahihisha. Kuna watu bado wananisimulia mimi mwenyewe habari ya mbwa aliyelia kwenye kaburi la mume wangu. Nawaambia ilivyokuwa. Wengi hawapendi.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo alikuwa bado hawezi kutembea. Saa kumi ilipokaribia nilijikuta nimetoka jikoni, nimekwenda getini, nimesimama. Niliona aibu, nikajifanya narekebisha waya wa geti. Mtu mmoja alipita na baiskeli akanisalimu. Nilirekebisha waya ambao haukuwa na kasoro mpaka saa kumi na moja.

Nilingoja apate nguvu. Nilihesabu siku kwa ajili ya Ijumaa iliyofuata, na ilipofika alikuwa amenenepa kidogo, anatembea vizuri. Saa tisa na nusu alikuwa amelala kivulini karibu na zizi. Saa kumi alikuwa amelala hapo hapo. Nilimwita, nikagonga sahani, nikajaribu hata kupiga mluzi, ukatoka upepo tu. Hakwenda getini siku hiyo, na hajakwenda tena hata mara moja. Kaburini vile vile haendi. Fuko wamehamia kwenye viazi vyangu, na huko ndiko anakochimba sasa, ana afya, ana udongo puani. Sijui kama ni ugonjwa uliomsahaulisha au kama alikuwa karibu kuacha hata bila ugonjwa. Nilimwokoa kwa sababu ya Ijumaa, na Ijumaa haikupona.

Kaburi liko wazi tena, tuta tupu. Mama mkwe amezungusha matawi ya miiba kuzuia mbuzi. Tunazungumza, tunapelekeana chai. Lile neno alilosema hajalirudia na mimi sijalisahau.

Wiki iliyopita niliungua. Nilikuwa ninaipua sufuria ya maziwa na kitambaa kikateleza, nikaungua kifundo cha mkono. Alovera imerudi dirishani, nimeipandisha juu zaidi, kwenye rafu iliyo karibu na dari. Nilipanda kwenye kiti nikakata jani la chini. Nikachukua kile kikombe cha bati, nikalisimamisha, upande uliokatwa ukiwa chini. Sikujua anangoja muda gani hasa, kwa hiyo nilifanya kama alivyofanya. Nikavua viatu. Nikaosha miguu, ingawa ilikuwa safi. Nikanywa chai. Niliporudi maji ya manjano yalikuwa yamejikusanya chini ya kikombe, nikayamwaga chooni, nikasuuza, nikamenya jani, nikapaka. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango.

Mbwa aliinua kichwa kutoka kivulini. Pua yake ilicheza. Akainuka, akaja moja kwa moja kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aletwe ndani ya ule mfuko, akanyoosha shingo kuelekea mkono wangu.

Daktari alisema ni fuko. Shimo nililiona kwa macho yangu, na hakuna nitakaloongeza juu ya kile nilichokiona. Ila harufu ya mikono ya mume wangu, jioni za Ijumaa, ilikuwa hiyo hiyo ya alovera. Mbwa aliyekwenda kuitafuta angeipata pale kaburini tu, mahali nilipoipanda. Labda ndivyo. Labda alikuwa na njaa ya fuko. Siwezi kumwuliza.

Nilipompigia daktari siku zile kumwambia mbwa amepona, nilimwuliza kuhusu ule utelezi mweupe, kama mbwa akiulamba kidogo kwenye mkono wa mtu ni salama. Alisema pengine ni salama, lakini kwa huyu afadhali nisijaribu.

Kwa hiyo niliufunga mkono ndani ya leso, nikauficha chini ya kwapa. Mbwa alisimama mbele yangu, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akageuka akarudi kivulini, na mimi nikabaki kwenye ngazi, mkono umefichwa, mpaka dawa ikakauka.